Universite, Aliyetuita kwenye Salongo

Alikuwa na namna ya kufika mahali kama mtu aliyeitwa, hata kama hakuna aliyemwita. Umekaa mbele ya mlango wako unachambua sombe, majani ya muhogo, mara kivuli kinaanguka juu ya sahani. Unainua macho, ni yeye, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini, na kabla ya salamu anakuuliza: "Mama, ku avenue yenu nani na nani banajisaidiaka ku ziwa?"

Sisi wa Baraka tuna adabu zetu. Mtu anaulizwa kwanza ameamkaje, watoto wameamkaje, ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zimekauka au bado. Yeye alianza na mavi. Ndiyo maana wa kwanza kumpenda walikuwa watoto, na sisi wakubwa tulichelewa.

Tulimwita Universite. Jina lake nalijua, nimekula naye, lakini sitaliandika, kwa sababu angenigombeza. Alisema kazi ikipewa jina la mtu, inakufa siku mtu huyo anapokufa. Majina ya wengine nitayaandika. Nitaandika la Kapita Selemani, aliyekuwa mkubwa wa mtaa wetu. Nitaandika la Komanda Zefirini, aliyekaa na askari wake kwenye nyumba za shule wakati wa vita ya pili. Niliishia la nne primeri, kalamu inanichosha mkono, lakini majina hayo mawili naweza kuyaandika hata nimefunga macho.

Alikuwa msichana, anasoma chuo Bukavu. Alikuja likizo, vita ikafunga barabara, akabaki Baraka kwa mama yake mdogo, karibu na kwangu. Wasomi wengine waliokwama kama yeye walikaa wakingoja. Walivaa suruali za pasi, wakasikiliza redio na kutueleza nani atashinda na kwa nini. Yeye alijifungia ndani siku chache, nadhani alikuwa anaomboleza masomo yake, halafu akatoka na kuanza kutembea nyumba kwa nyumba.

Wakati huo kipindupindu kilikuwa kinatumaliza. Bomba la zamani lililoshusha maji kutoka chemchemi ya mlimani lilikuwa limevunjika tangu vita ya kwanza, na vyuma vyake vingine vilikuwa vimegeuka mashoka. Tulichota ziwani, palepale tulipofulia na kuoshea masufuria. Mtoto akianza kuharisha asubuhi, jioni mnatafuta mbao.

Wangu, Riziki, alianza asubuhi moja. Mume wangu Alimasi alikuwa ziwani. Universite alipita tu, na maswali yake, akamwona mtoto amelala kwenye mkeka, macho yameingia ndani. Hakuuliza kitu. Alimfunga mgongoni kwa kitenge changu mwenyewe, akaondoka mbio kuelekea hospitali huku akitukana kwa Kifaransa. Mimi nilimfuata nyuma nikilia. Mtoto alimharishia nguo yote. Kwenye mlango wa hospitali muuguzi alimwambia atoke akajioshe kwanza, naye akajibu: "Papa, we muangalie mutoto. Mi nitanuka tu, kunuka hakuue." Riziki alipona. Leo ana watoto wake. Nasema hili mapema ili mtu asije akafikiri sijui deni langu.

Kupika hakuweza. Bukari yake, huo ugali wetu, ilikuwa na madonge, na alikuwa anakubishia kwamba hayo si madonge. Aliogopa kuku, jogoo akipita karibu yake alinyanyua miguu juu ya kiti, yeye ambaye niliwahi kumwona anasukuma mtutu wa bunduki kwa kidole ili apite. Sabuni alikugawia mpaka kipande cha mwisho, lakini chumvi alificha chini ya kitanda. Alitufundisha kwamba kwenye mkutano kila mtu ana haki ya kusema, mwanamke na mzee na asiye na nguo nzuri. Ila kama tumesema jambo ambalo yeye hataki, alitabasamu na kusema tutakutana tena kesho tulizungumze vizuri. Tulikutana kesho, na kesho nyingine, mpaka tuchoke na tuseme analotaka. Nilimwambia siku moja kwamba hiyo ndiyo demokrasia ya mkaidi. Alicheka mpaka akakohoa.

Wazo lake la kutengeneza bomba lilisimama juu ya salongo. Salongo mnaijua, ile kazi ya wote ambayo serikali ya zamani ilitulazimisha Jumamosi, kila mtu na jembe lake, na asiyekuja analipa faini. Vita ilipoanza salongo ilikufa, na hakuna aliyeililia. Universite akaifufua, lakini akaondoa faini. Badala yake akaweka kitu kibaya zaidi. Anayekosa salongo bila ugonjwa, jioni tunakwenda kwake kumsalimia, sisi wote, na majembe na matope yetu. Tunakaa uani, tunamwuliza hali, na mke wake anatafuta cha kutupa. Mtu akisalimiwa mara moja, Jumamosi inayofuata alifika kabla ya jua.

Ishara ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inia kwenye mti mbele ya kanisa. Ikipigwa kwa mwendo fulani, wote tulijua: chukua jembe, tuonane kanisani, tupande mlimani. Wakristo walikuja, Waislamu wa ufukweni walikuja. Hata bibi Nyota alikuja, kikongwe asiye na meno, hakuweza kuinua jiwe. Alikaa kwenye kivuli na kazi yake ilikuwa kututania.

"We Universite," alimwambia, "kule Bukavu banafundishaka kushika jembe na mikono ya kushoto?"

"Bananifundisha sheria, koko."

"Sheria ya nini, mutoto wangu, na bunduki iko pale ku shule?"

"Njo sababu ya ile, koko. Bunduki itachoka."

"Mi pia nitachoka. Tutaona nani wa kwanza."

Alimasi wangu alikuwa mchimba mitaro mkubwa. Mikono ya kuvuta nyavu, mgongo mpana. Universite alimpenda kwa sababu hakuwa na maneno. Mkutano ukirefuka, Alimasi alisimama, akachukua jembe lake akaanza kupanda mlima peke yake, na wengine wakamfuata. Mkutano uliishia hapo.

Sasa nifike kwenye kosa lake. Alitaka mambo yafanyike kwa haki na mchana. Alisema kazi ya watu isifichwe kama wizi. Mkubwa wa mtaa lazima ajulishwe, siku gani, saa gani, watu wa mitaa gani watapanda. Sisi tuliokaa na Selemani tangu zamani tulimwambia asiende.

"Ule kapita anakulaka na komanda," nilimwambia. "Unampelekea bantu yetu ku sahani."

"Mama Riziki, tukijificha, batasema tuko tunapanda mulima kupeleka chakula kwa bantu ya pori. Batatupiga risasi. Tukisema wazi, tuko bantu ya maji tu."

"We unajua kusoma, lakini bantu haubajue."

"Mi nitabajua kidogo kidogo."

Na kweli, nakubali, maneno yake yalikuwa na akili ndani yake. Watu wa msituni walikuwa juu, askari chini, na mtu akionekana anapanda mlima na jembe angeweza kufa kwa mkono wa hawa au wale. Alikwenda kwa Selemani. Selemani alimpa kiti, akamwita "binti yangu", akampa ruhusa. Na juu ya ruhusa akauliza, kama mtu anayetaka kusaidia, hiyo rimu inapigwa vipi hasa. Universite akamwonyesha.

Salongo zikaenda vizuri. Mtaro ukashuka mpaka karibu na barabara ya Fizi. Tukaanza kuamini.

Jumamosi moja nilikuwa natoka ziwani na beseni la ndagala kichwani. Rimu ikalia mapema kuliko kawaida yake. Nilipokaribia kanisa nilimwona aliyekuwa anaipiga. Alikuwa Selemani mwenyewe, ameshika chuma, kofia yake ya kijani kichwani, anapiga kwa ule mwendo wetu, hata hakukosea. Upande wa pili wa uwanja nilimwona Universite anakuja mbio, shingo mbele, uso wa mtu asiyeelewa nani amemtangulia. Aliona nilichoona. Macho yetu yalikutana.

Watu walikuwa wanakuja na majembe yao, wanasalimiana, wanacheka. Alimasi alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Askari wa Zefirini walitoka nyuma ya kanisa na nyuma ya ukuta wa shule, wakatuzunguka. Komanda alikuwa kwenye gari la jeshi, anakula muwa. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Asante kwa salongo. Leo kazi iko ya kubeba." Wakachagua. Waliangalia mabega, kama mtu anayenunua ng'ombe. Wanaume waliochaguliwa walitupa majembe, wakapewa masanduku ya risasi, wakaondoka kwa mguu, njia ya Kilembwe, ambako kulikuwa na mapigano. Alimasi alipita karibu yangu. Alisema tu: "Anika ndagala, zisioze."

Nilizianika. Nilipomaliza ndipo nililia.

Universite alikwenda kusimama mbele ya veranda ya komanda. Jua lilipanda, likashuka, amesimama. Askari walimtupia maganda, wakamtukana kwa lugha zote walizojua. Hatimaye Zefirini alimwita ndani. Sisi wanawake tulikaa ng'ambo ya barabara tukingoja. Alipotoka, baadaye kidogo, wanaume kadhaa walirudishwa kutoka njiani, wazee na walimu wa shule na mmoja aliyekuwa na mguu mbaya. Alimasi hakuwamo. Na komanda alitangaza kwamba bomba lisiharibiwe, atakayekamatwa anaiba chuma cha bomba atachapwa.

Tulimzunguka. Nilimshika mkono.

"Sema Selemani njo alipiga rimu," nilimwambia. "Tulimuona. We ukisema, bantu batasikia. Twende kanisani useme sasa hivi."

Alitazama chini. "Sitasema, mama."

"Juu ya nini?"

"Njo bei. Komanda alisema: wale wazee barudi, na bomba iendelee, ila nifunge kinywa. Nikisema, atabarudisha ku njia."

Sikumwelewa, na mpaka leo sehemu yangu moja haimwelewi. Huyu aliyetufundisha kwamba kila mtu ana haki ya kusema, aliuza kinywa chake. Kwa bei nzuri, ndiyo. Wazee wale walikufa vitandani mwao miaka baadaye, wamezungukwa na wajukuu. Lakini Selemani alibaki mtu safi. Nilisema mimi, sokoni, kanisani, ziwani. Watu walinisikiliza kwa huruma, wakasema Mama Riziki ana uchungu wa mjane, mbele ya kanisa kulikuwa na vurugu, nani anaweza kujua. Neno la mwanamke wa ndagala lilihitaji la msomi likae pembeni yake. Msomi alinyamaza.

Wanaume waliopelekwa Kilembwe hawakurudi, isipokuwa mmoja aliyekuja akili zimepotea. Wala hakuna kaburi. Namlaumu Zefirini, aliyetoa amri. Namlaumu Selemani, aliyepiga rimu. Nawalaumu majirani zangu waliomwona kama nilivyomwona mimi, maana uwanja ulikuwa umejaa, na wakaamua kwamba macho yao yalikuwa yanaangalia kwingine. Universite namlaumu pia, ila lawama yake haikai mahali pamoja. Nikiishika kwa nguvu, namkumbuka Riziki mgongoni kwake, inateleza.

Bomba tulilimaliza sisi wanawake. Baada ya siku ile hakuna mwanaume aliyekubali kwenda mahali penye watu wengi. Universite hakuipiga tena rimu. Alipita nyumba kwa nyumba, akiita kwa sauti ya chini, na ilitubidi twende wawili watatu kama watu wanaokwenda kutafuta kuni. Nilikwenda. Kuna aliyeniuliza ningewezaje kufanya kazi pamoja naye. Watoto walikuwa bado wanaharisha, ndivyo nilivyoweza. Tulichimba, sisi wawili, bila kusemezana, yeye na mikono yake ya kushoto. Siku maji yalipotoka pale barabarani, bibi Nyota aliletwa amebebwa, akanywa kwa kiganja, akasema: "Iko na ladha ya chuma." Universite aliketi chini kwenye matope, akalia kama mtoto. Sikumshika bega.

Kipindupindu kilipungua. Hilo nalo liandikwe.

Halafu mapigano yakashuka mpaka mjini, tukavuka ziwa na mitumbwi kwenda Tanzania, kila mtu na bahati yake. Kambini nilisikia amerudi Bukavu kumaliza chuo. Nikasikia amepata kazi Uvira, kwenye ofisi ya mambo ya maji. Zefirini nilisikia amekuwa mkubwa mbali huko, ana tumbo na walinzi. Selemani hakwenda popote. Niliporudi nilimkuta ni rais wa komite ya maji. Funguo za mabomba yote zilikuwa kiunoni mwake, na mkutano ulikuwa unamchagua kila mara kwa kupandisha mikono, kama Universite alivyotuzoeza.

Mwaka ule ambao komite ilikuwa inachaguliwa tena na tuyo mpya, mabomba ya kuongeza, zinatarajiwa, Universite alikuja Baraka. Alifika kwangu jioni, bila kuitwa. Mvi zilikuwa zimempata pembeni ya masikio. Safari hii alisalimia kwanza, aliuliza watoto, aliuliza ndagala, na nilihuzunika kwamba amejifunza.

"Umezeeka, Universite."

"Na we pia, mama."

Alikaa kwenye kidumu. Nikampa bukari na ndagala, akala yote. Kisha nikamwuliza lile ambalo nilikuwa nimeliweka miaka yote.

"Kesho Selemani anataka kiti yake tena. Utasema?"

"Nilisemaka, mama. Kule Bukavu, vita ilipoisha. Kulikuwa wazungu ba kuchunguza mambo ya vita, bakauliza, nikasema yote. Jina na jina."

"Kwa Kifaransa."

"Ndiyo."

"Alimasi hakujua Kifaransa. Na mi sikijue. Hapa hakuna mwenye alisikia."

Alizungusha kikombe mkononi. "Lori ya tuyo iko inapita ku barabara ya Lweba kesho kutwa. Selemani iko na bantu yake ku barabara. Nikisema, anaweza kufunga njia, na avenue za juu hazitapata maji."

"Kumbe bado unachunga bomba."

"Bado, mama."

"Mi nataka uchunge muntu mara moja tu."

Aliosha mikono, akaniaga, akaenda.

Mkutano ulifanyika uwanja wa kanisa. Selemani alikaa mbele kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti, ananisalimia kwa kichwa. Universite ndiye aliyesimamia kwa sababu ofisi ilimtuma. Alieleza tuyo, alieleza mitaro, alieleza nani atachimba wapi. Aliongea muda mrefu, vizuri kama zamani, na nikaona amemaliza. Basi nikasimama mimi. Nikasema nilichokuwa nasema siku zote. Watu wakaangalia miguu yao. Mmoja akasema taratibu: "Mama Riziki, tumesikia, ikaa."

Universite akasema: "Asiikae."

Akaendelea, na sauti yake haikuwa ile ya mikutano. "Ile Jumamosi nilitokea upande wa pale. Papa Selemani alikuwa ameshika chuma. Njo yeye alipiga rimu, na ule mwendo mi njo nilimuonyesha. Mama iko anasema kweli. Nilinyamaza juu niliogopa kwa ajili ya bazee. Bazee balishakufa. Nimesema."

Selemani hakukasirika. Alicheka kidogo, kama mtu anayewahurumia watoto. "Ilikuwa vita," akasema. "Komanda anakuambia piga, na bunduki iko ku sikio. Nani hapa angekataa? Anyooshe kidole." Hakuna aliyenyoosha. "Tuchague, tuende nyumbani. Jua iko inachoma."

Wakachagua. Mikono iliyompandia Selemani ilikuwa msitu. Walipoulizwa wanaomkataa, nilipandisha mkono, na wajane wengine wachache nyuma yangu, na Universite pale mbele akapandisha wake.

"Universite," mwandishi wa komite akamwambia, "mwenye kuhesabu hainuake mukono."

"Leo nahesabu na nainua."

Haikubadilisha kitu. Selemani akapewa makofi na funguo zake. Universite alikuja kwangu, akasimama, akataka kusema. Nilimwambia: "Ulichelewa." Alisema: "Najua." Nikachukua ndoo yangu, kwa sababu nyumbani hapakuwa na maji na wajukuu walikuwa wanangoja, nikaenda kwenye bomba. Yeye alinifuata, akasimama nyuma yangu.

Mstari ulikuwa mrefu. Mwanamke aliyekuwa mbele kabisa, ambaye dakika chache kabla nilimwona akimpandishia Selemani mkono mpaka kwapa likaonekana, aligeuka, akaniona, akasogeza ndoo yake pembeni.

"Mama Riziki," akasema, "pita mbele."

Na wa pili akasogeza yake, na wa tatu.

Sikupita. Nilibaki mahali pangu, nikangoja zamu yangu.